Very kwa Wino Mwekundu

Jambo lote lilitugharimu ng'ombe kumi na mmoja na dada mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, magunia, chenji, hata wageni wanaoingia nyumbani kwangu Kihesa, hapa Iringa, na wanaotoka, na jibu linarudi pale pale. Watu wakisikia ng'ombe kumi na mmoja wanaguna. Wakisikia dada mmoja wanasema pole, kisha wanauliza alifariki lini. Hakufariki. Yuko Ruaha Mbuyuni analima vitunguu, ana meno yote kinywani na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Gharama ninayoisema mimi ni ya aina nyingine, na ili niieleze inabidi nianze na harufu ya ngozi inayoungua.

Nilizaliwa Usangu, kwenye uwanda ule mpana ambako milima ya Mbeya inaonekana kwa mbali kama mawingu yaliyogoma kuondoka. Sisi ni Wasukuma wa huko. Baba yangu, mzee Luhende, alishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, akitafuta majani, akayapata, akapata na wenzake wengi waliokuwa wakiyatafuta hayo hayo. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, ilifika siku ya kuwapiga chapa ndama. Chuma kililazwa kwenye moto wa mavi makavu tangu asubuhi mpaka kikawa chekundu. Ndama aliangushwa, akabanwa miguu, chuma kikagusa paja. Kwanza ilikuja harufu ya nywele, kali, ya kukohoza. Halafu harufu ya ngozi. Halafu ya tatu ambayo sisi watoto tuliionea aibu kwa sababu ilifanana na nyama ya kuchoma na ilitutia njaa. Chapa ya Baba ilikuwa duara lenye mkia. Ng'ombe wa uwandani huchanganyika kwenye maji, na ugomvi haukosi, na mashahidi wa kununuliwa kwa pombe hawakosi vilevile. Lakini mbele ya baraza la kijiji mtu akishaonyesha chapa, maneno yameisha, anaswaga ng'ombe wake anakwenda nyumbani. Baba hakukanyaga darasa hata siku moja, ila aliweza kusoma chapa za watu arobaini kutoka umbali ambao mimi nisingetofautisha ng'ombe na punda. Katika dunia nzima ya vitu vilivyoandikwa, hicho ndicho alichokiamini. Chapa anaipiga mwenye mali, na haipigi kwenye kitu kisicho chake.

Mwaka ambao mpunga ulikubali kuliko miaka yote ninayoikumbuka, gari lenye vipaza sauti lilipita kijijini likitangaza shule ya Kiingereza, ya bweni, Mbeya mjini. Watoto wanakula wali mara tatu kwa wiki, lilisema, kana kwamba kwa wali ungemtoa mtoto wa Usangu nyumbani kwao. Baba alikuwa na fedha ya mpunga na watoto wawili wa kusoma: dada yangu Kabula, aliyekuwa darasa la tano, na mimi, Minza, niliyekuwa la tatu. Fedha ilimtosha mmoja. Alimtazama Kabula, akanitazama mimi, akasema, "Huyu mkubwa ameshakomaa kwenye Kiswahili, ukimkunja atavunjika. Twende na huyu mbichi." Mama akauliza kama watoto wamekuwa fito. Baba akacheka, na mimi nikaenda Mbeya nikiwa na godoro, ndoo, na sweta la kijani lililonifika magotini.

Mbeya ilikuwa baridi ambayo sikuijua. Asubuhi maji ya kunawa yaliuma kama siafu, na ukungu uliingia darasani bila kubisha hodi ukakaa nasi mpaka saa nne. Tuliimba sana. Nilijua nyimbo za Kiingereza za kondoo, za nyota, za daraja linaloanguka, na nikiulizwa hali yangu nilijibu kwa Kiingereza kwamba ni nzima hata siku niliyokuwa na homa. Mwalimu wetu aliitwa Madam Atupele, Mnyakyusa mpole mwenye kikohozi, aliyekuwa na watoto hamsini na tatu darasani na mshahara uliofika siku ulipojisikia. Kila mwisho wa mwezi palikuwa na Jumamosi ya wazazi. Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika. Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo, tuliambiwa tufungue madaftari, tuyapange moja juu ya lingine yakiwa wazi, na Madam akapita na kalamu nyekundu. Hakusoma. Shavu lake lilikuwa limelala kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaandika: Very good, tarehe, sahihi. Funua. Very good, tarehe, sahihi. Nilikuwa nimeketi dawati la mbele, nikawa nahesabu. Daftari moja lilimchukua muda mfupi kuliko kukohoa mara tatu. Siku moja mtoto aliyeitwa Bupe alimwambia, "Madam, hapo sijafanya." Madam hakuinua macho. "Utafanya, mwanangu," alisema, akaandika.

Sikumlaumu wakati ule na sasa simlaumu sana. Mwenye shule, bwana mmoja mwenye tai na viatu vya kung'aa, alikuwa amewaambia walimu mbele yetu kwamba hakuna mzazi atakayerudi kwake na daftari la kumuumiza moyo, kwa kuwa mzazi ni mteja. Baba alikuja Jumamosi ya kwanza kwa basi, na fimbo yake ya kuchungia, akaketi mstari wa mbele. Mwenye shule alisimama akawafundisha wazazi Kiingereza chote walichokihitaji. "Wazazi wangu, good ni nzuri. Hiyo kila shule wanayo. Sisi hapa tunayo very. Very ni sana. Ukiiona hii V inayoanza, ujue ada yako imefanya kazi, nenda kalale usingizi."

Baba alinyoosha fimbo. "Hiyo V anaiandika nani?"

"Mwalimu mwenyewe, mzee."

"Mtu mwingine hawezi kuiandika?"

"Ni marufuku kabisa."

"Na mwalimu anaweza kuiandika mahali isipostahili?"

Mwenye shule alicheka, wazazi wengine wakacheka, na nilimwona Baba akitikisa kichwa taratibu, ameridhika. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua alichokielewa. Alikuwa ameelezwa sheria ya chapa. Tangu siku hiyo alijua kuisoma V, miguu yake miwili iliyokutana chini, kwa mwandiko wowote, na alipofika nyumbani aliichora mchangani kwa fimbo amwonyeshe Mama.

Huko nyumbani, Kabula alikuwa akisomeshwa na Mwalimu Sanga. Huyu alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye baiskeli isiyo na breki, na aliyejulikana kijiji kizima kwa ubahili wa wino mwekundu. Pata alama kumi kwa kumi, Mwalimu Sanga aliandika kumi kwa kumi akaishia hapo. Akikosa usingizi kwa furaha aliandika Good. Darasa zima la Kabula, watoto karibu themanini, walikuwa na Fair, na wengine walikuwa na neno la Kiswahili ambalo sitaliandika mbele ya watu. Kabula peke yake ndiye aliyekuwa na Good, na alikuwa nazo tisa katika miaka mitatu. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, unampa hesabu ya magunia akiwa anatwanga, anakujibu mchi ukiwa bado hewani. Alisoma maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea, ya kwenye makopo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na akamweleza Baba kipimo. Wakati wa likizo alinifundisha kugawanya, mimi mtoto wa shule ya ada, na akaniuliza kwa adabu tu kama kule Mbeya tulikuwa bado hatujafika kwenye kugawanya.

Alipomaliza darasa la saba, majina yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Wasichana waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa watatu, na Kabula alikuwa wa kwanza kwenye karatasi. Mama alipiga vigelegele akiwa na beseni kichwani, halikuanguka. Ila sekondari yenyewe ilikuwa mbali, ingebidi apangishiwe chumba, anunuliwe sare, jiko, chakula, na mwaka huo mpunga ulikuwa umekauka ukiwa na mimba. Mimi nami nilikuwa nadaiwa ada ya mwaka unaofuata. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo halikuandikwa kwenye mlango wowote: familia moja ya upande wa pili wa mto ilikuwa imeshatuma watu mara mbili kumwulizia Kabula, na familia hiyo haikuhesabu ng'ombe kwa vidole. Baba alisema hawezi kuwabeba wawili. Akasema hatachagua kwa moyo, maana moyo una upendeleo. Atachagua kwa alama. Jumapili mchana kila mtoto alete madaftari yake yote, yawekwe kwenye ngozi pale uani, yahesabiwe.

Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Jumamosi ile nilikwenda nyuma ya ghala la mpunga na madaftari yangu, nikayapitia peke yangu. Kwenye daftari la Kiingereza, katikati, palikuwa na ukurasa niliokuwa nimeandika tarehe, na chini yake kichwa cha habari, Nyumbani Kwetu, nikakwama hapo, kwa sababu sikuwa na maneno ya Kiingereza ya kusemea nyumbani kwetu. Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe kabisa. Na chini ya weupe huo, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri wenye mikia, palikuwa na Very good, tarehe, na sahihi ya Madam Atupele. Baba hakujua kusoma, lakini ukurasa usio na kitu hata kipofu anaujua. Kama angeuona, angeuliza, na swali lake lingekuwa moja tu, kwamba hapa wamempiga chapa ng'ombe gani. Nililijua hilo vizuri sana. Sikutaka kurudi kuchunga. Nilikuwa nimeshazoea viatu. Nikauchana ukurasa ule, nikautafuna, nikaumeza kwa vipande, na wino ulikuwa mchungu kidogo.

Ila daftari la kushonwa kwa pini lina ujanja wake: ukichana karatasi upande huu, pacha wake wa upande ule analegea anatoka. Karatasi yangu pacha ilikuwa na V mbili na ilining'inia nje kama ulimi. Kabula alinikuta nikihangaika nayo. Hakuniuliza imekuwaje. Alikwenda jikoni, akarudi na kipande cha ugali kwenye kiganja, akakilainisha kwa maji, akaipaka ile karatasi kwenye mshono, akaibana kwa jiwe la kusagia mpaka ikashika. "Baba asije akasema umezembea," aliniambia. "Kesho ataangalia kila kitu." Alikuwa na miaka kumi na minne na alijua kesho ni siku gani.

Jumapili Baba alivaa shati. Aliketi kwenye kigoda, ngozi mbele yake, madaftari ya Kabula kulia, yangu kushoto, na mabakuli mawili matupu na kikapu cha punje za mahindi. Alifungua daftari ukurasa kwa ukurasa, polepole, vidole vyake vinene vikishika pembe za karatasi kama anavyoshika sikio la ndama, na kila alipoona V alitupa punje moja kwenye bakuli. Langu lilijaa. Kisha alifungua ya Kabula. Alipita kwenye zile hesabu zilizonyooka kama mashamba ya serikali, kwenye insha zilizojaza kurasa mbili mbili mpaka pembeni, mistari yote imebanana kwa kubana daftari lisiishe. Hakuna punje iliyoanguka. Mama alisema, "Baba Kabula, na hiyo nyekundu hapo je?" Akajibu, "Hiyo haina V." Akarudia kuhesabu bakuli langu, maana ndivyo alivyohesabu ng'ombe wakiingia zizini jioni, mara ya kwanza kwa ajili ya kujua na mara ya pili kwa ajili ya kuwa na hakika. Mia moja na kumi na mbili. Mara zote mbili. Kabula aliinua bakuli lake tupu akalirudisha jikoni bila kuambiwa.

Siku ya tatu Mwalimu Sanga alikuja kwa baiskeli. Aliposimama ilibidi aburuze mguu kwa sababu ya zile breki. Alikataa kigoda, akakataa maziwa, jambo ambalo kwetu ni karibu na tusi. "Mzee Luhende," alisema, "nimesikia unataka kunifanyia mchezo. Yule binti ni wa kusoma."

"Mwalimu, mimi nimefuata kalamu yako."

"Kalamu yangu imesema nini?"

"Good. Sikatai, ni nzuri. Lakini mdogo wake ana very. Wewe mwenyewe mbona hukumwandikia very, kama unaijua?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa zizi, na niliona jasho likishuka kwenye shingo ya yule mtu mkavu. Ilikuwa rahisi. Angesema tu kwamba alisahau, kwamba kalamu iliisha wino, kwamba anazo nyumbani. Mimi ningesema. Lakini Mwalimu Sanga alikuwa mkweli kwa namna inayokera. "Neno lile huwa siliandiki, mzee. Miaka kumi na tisa sijamwandikia mtoto. Hata hiyo Good nimempa yeye peke yake."

"Basi," Baba alisema bila hasira, "umesema mwenyewe."

Mwalimu alinitazama mimi. Sijui alitaka nini kutoka kwangu, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye sweta la kijani. Labda alitaka nimwombe Baba. Labda aliniona tu. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Akapanda baiskeli yake.

Kabula aliolewa kabla ya mvua za pili. Walikuja ng'ombe ishirini na sita, wazuri, na kati yao kumi na mmoja waliuzwa mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, kulipa ada yangu, kwanza Mbeya, halafu sekondari ya kulipia hapa Iringa. Kwa hiyo niliposema mwanzoni ng'ombe kumi na mmoja na dada mmoja, mfanyabiashara mwenzangu aliye makini angenishika mkono, angesema mama, hapo umehesabu kitu kile kile mara mbili. Ni kweli. Mtihani wa kidato cha nne waliusahihisha watu ambao hawakuwa na Jumamosi ya wazazi. Nilipata sifuri, ile ya kuandikwa, si ya kutania. Nilirudi Usangu na begi, nikamkuta Baba anatengeneza ua wa zizi. Nilimweleza yote, na habari ya Alhamisi nikamweleza, ila habari ya ukurasa nilioumeza sikuifikia. Aliendelea kufunga miiba. "Kumbe walikuwa wanapiga chapa ng'ombe wa kila mtu," alisema. Kisha akasema, "Dada yako usimwambie." Hatukulizungumza tena, na sasa Baba amelala chini miaka mingi.

Nikaingia kwenye biashara ya mchele na maharage, Usangu kwenda Iringa, na huko angalau kipimo kinaonekana. Juzi juzi nilipita kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba karibu na stendi, nikaona kamusi ya Kiingereza nene kama tofali, haina jalada.

"Elfu kumi na tano, mama."

"Kwa kitabu kilichovuliwa nguo?"

"Jalada hulisomi, mama."

"Na herufi A imekatika nusu."

"A utaisoma kwa jirani." Tukafika elfu sita, nikahesabu kurasa za mwisho kuhakikisha hajanifanyia kwenye Z pia. Nikaketi juu ya gunia pale pale nikafungua V. Nilitaka tu kuiona, kama mtu anavyotaka kumwona mchawi wake mchana. Kamusi ilikuwa ya zile zinazotaja neno limetoka wapi. Ikasema very halikuzaliwa likiwa na maana ya sana. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, na Wafaransa nao walilitoa kwenye Kilatini, na kule kote shina lake lilikuwa ni kweli. Ukisema hiki ni very, ulikuwa unasema hiki ndicho chenyewe, si cha kuigiza. Halafu watu wakaanza kulitumia kuongezea nguvu maneno mengine, nzuri kwa kweli, kubwa kwa kweli, na kadiri walivyolitumia ndivyo ukweli ulivyochujuka ndani yake, mpaka likabaki la kujazia tu, kama kile kichuguu cha lumbesa kinachoshonewa juu ya gunia ili lionekane limejaa.

Nilicheka, kijana akadhani nimefurahia bei. Sisi nasi tunafanya hivyo hivyo kila siku, tamu kweli, baridi kweli kweli. Mimi mwenyewe mteja akiniuliza kama mchele ni wa Usangu, nikiwa na hakika najibu wa Usangu, nageukia mwingine. Nikiwa sina hakika ndipo ninaposema wa Usangu kweli kabisa, mama yangu, haki ya Mungu. Neno kweli halihitajiwi sana pale ukweli ulipo. Mwalimu Sanga hakuifungua kamusi hiyo, nadhani, lakini aliishi kama mtu aliyeisoma: aliliweka neno lile kwenye kalamu miaka kumi na tisa akimsubiri mtoto atakayelistahili, akampata, akaendelea kusubiri. Na Madam Atupele alilimwaga. Mpaka leo sijui nani kati yao alimwumiza dada yangu zaidi. Simhesabu yule wa tatu, aliyeumeza ukurasa. Huyo ninamjua.

Siku hizi naona watu wakiandikiana kwenye simu sifa tatu tatu kwa picha ya mkate wa chai, na shule za Kiingereza zimefika mpaka vijijini zikiwa na mabasi ya njano. Wazazi wanapokea ripoti za kompyuta zenye rangi. Sisemi zote ni za uongo. Nasema tu kwamba nikioneshwa ripoti ya mtoto yeyote namwomba anisomee sentensi moja. Enzi zetu chapa ilikuwa nyekundu na moja. Leo ziko nyingi na zinapendeza, lakini bado yuko mzazi anayeketi mbele yake na bakuli la punje.

Kabula haelewi haya yote, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Anaamini alikuwa mzito wa kichwa na mimi nilikuwa mwepesi, ndiyo maana Baba alichagua alivyochagua. Sifuri yangu aliitafutia sababu yake: aliniambia watu walinionea wivu, na mwaka ule alifunga siku tatu kanisani kuniombea. Sasa ana binti wa mwisho, Neema, yuko darasa la saba, na mwezi uliopita walilala kwangu wakipeleka vitunguu sokoni. Yule mtoto alinijumlishia magunia ya mama yake, bei tofauti tofauti, akiwa anamenya viazi, bila kuinua kichwa. Nikamwambia Kabula huyu apelekwe mbele, hata mimi nitachangia. Akacheka kwa upole. "Mdogo wangu, huyu amechukua kichwa changu. Kichwa changu unakijua, hakina kitabu. Wewe uliyekuwa nacho ulishindwa, sembuse huyu wangu? Nimeshaongea na fundi wa cherehani, akimaliza la saba anaanza. Namshukuru Baba, asingejua kuchagua wote wawili tungepotea."

Nimejaribu kumjibu kwa njia zote za mtaani ninazozijua, na ninazijua nyingi. Nimemwambia zama zimebadilika, nimemwambia siku hizi ada ya serikali hakuna, nimemtajia mabinti wa majirani. Anasikiliza, kisha anarudi pale pale, kwenye kichwa chake. Hakuna hoja nitakayoishinda nayo imani ile isipokuwa ukweli wote, na ukweli huo una Alhamisi ndani yake, na mkono wangu ndani yake, na kinywa changu. Nikiusema, Neema huenda akasoma. Nikiusema, mama mtu mzima mwenye watoto watano, aliyekwisha kuyazoea maisha yake, ataamka asubuhi moja akiwa na maisha mengine aliyonyang'anywa, na aliyemnyang'anya ni mimi ambaye alifunga siku tatu akiniombea. Baba alikataza, na Baba hayupo wa kumwomba ruhusa. Wanakuja tena vitunguu vya pili vikishang'olewa, nimehesabu, ni wiki tano. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri. Ungekuwa mimi, ungemwambia? Na ungeanza na neno gani?